Ulizia Siku Lori Limesimama

Ndugu wamiliki wa malori mliokubali kuketi nasi, nanyi vijana mliotoka kupata leseni za daraja E:

Nimeombwa nizungumzie jambo lisilomo kwenye mtaala wenu. Mmefundishwa kufunga tela, kukagua breki za upepo, kurudi nyuma na semi kwenye uchochoro bila kugusa nguzo. Namna ya kumchagua mtu wa kumfanyia kazi hamkufundishwa, na sababu inaeleweka: kwa desturi yetu dereva mpya hachagui, anachaguliwa. Anafika yadi na bahasha yake ya kaki, anasubiri chini ya mwembe mpaka meneja atoke, anaulizwa kama amewahi kufika Congo, na akipewa funguo anamshukuru Mungu. Kuuliza maswali ni ujuaji, na mjuaji hapewi gari.

Mimi nasema aulize. Na katika yote anayoweza kuuliza, mshahara si la kwanza, wala aina ya gari. La kwanza ni hili: lori likisimama, nani anabeba gharama?

Fanyeni hesabu nami. Dar es Salaam hadi Tunduma ni kama kilomita 930. Ukivuka mpaka wa Nakonde, ukaikata Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, kisha ukaingia Lubumbashi, umeshatembea karibu kilomita 2,000. Tuchukue wastani wa kilomita 50 kwa saa, maana lori lililoshiba mzigo linaupanda mlima Kitonga kwa gia ya chini na haliwezi kushindana na basi. Hizo ni saa 40 za usukani; wiki moja ya karani wa benki. Lakini muulizeni dereva yeyote wa njia hiyo safari yake ya mwisho, kwenda na kurudi, ilikula muda gani. Atawajibu kwa wiki, na akiwa na bahati mbaya atawajibu kwa miezi.

Muda huo mwingine ulikwenda wapi? Ulikwenda kwenye foleni ya kupakia bandarini, kwenye mizani, kwenye kungoja nyaraka za forodha, kwenye maegesho ya Tunduma, kwenye foleni ya Kasumbalesa ambayo imewahi kunyooka kwa makumi ya kilomita, kwenye yadi ya mteja aliyegeuza kontena kuwa stoo yake, na kwenye kusubiri mzigo wa kurudi nao. Ukihesabu saa zake zote, dereva wa masafa marefu anasimama kuliko anavyotembea. Kampuni inayokulipa vizuri gurudumu likizunguka na kukusahau likisimama, inakulipa sehemu ndogo tu ya kazi unayoifanya.

Ndiyo maana nawaambia muitazame kwa macho mawili posho ya mkupuo. Kampuni nyingi hutoa mshahara mdogo wa mwezi, kisha fungu moja la safari: shika hizi, nenda Lubumbashi, urudi. Ndani ya fungu hilo mna chakula, maegesho, bafu la kulipia, vocha, posho ya utingo kama unaye, na mambo mengine ya njiani ambayo sitayataja mbele ya wageni. Kinachobaki ni chako. Kijana akisikia "kinachobaki ni chako" anachangamka, kwa kuwa kichwani anahesabu safari ya siku kumi. Fungu hilo likigawanywa kwa siku kumi ni pesa nzuri. Ligawanyeni kwa siku arobaini: halimlishi dereva mwenyewe, sembuse mke na watoto aliowaacha Mbagala. Mwenye gari amefanya jambo la akili sana. Foleni ni hatari ya biashara yake, naye ameitoa kwenye vitabu vyake akaitia mfukoni mwa dereva.

Na hatari hiyo si ya kufikirika. Mei 2020, wakati wa korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa na malori yakajazana Tunduma. Agosti 2024 ikafunga mipaka yake na Congo, Kasumbalesa ikiwamo, kisa kikiwa mvutano wa biashara ya soda na bia. Dereva aliyebeba shehena ya salfa hakuwa na ugomvi wa soda na mtu, lakini alilala palepale na wenye soda.

Basi uliza: siku zikizidi zile mlizokadiria, kuna nyongeza ya kila siku? Inatumwa nikiwa njiani, au nitaambiwa tutahesabiana nikirudi? Mteja akichelewesha kupakua na kampuni ikamtoza demareji, mimi niliyelala na gari nina sehemu yangu humo? Kuna meneja atakayekucheka. Yuko mwingine atakayefungua daftari akuonyeshe kiwango cha siku. Huyo wa pili, hata kama fungu lake la kuanzia ni dogo, mwekee alama.

Sasa mafuta. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapofia.

Lori lenye mzigo kamili, kwa makadirio ya madereva wenyewe, hula lita moja kwa kila kilomita mbili hivi, na likichoka linakula zaidi. Ofisi imekokotoa lita za safari kwa kutazama gari jipya. Wewe, mgeni, umepewa gari kongwe. Ndiyo desturi, mgeni hukabidhiwa lile walilolikataa wenyeji. Umeambiwa lita zikipungua utalipa. Siku ya siku uko juu ya Kitonga, unarudi Dar na shaba. Gari na mzigo wake vinakaribia tani 56, ambazo ndizo kikomo cha uzito wote katika sheria ya udhibiti wa mizigo ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Mbele yako kona, chini bonde, na nyuma yako basi linapiga honi kwa kukosa subira.

Unaweza kushuka kwa namna mbili. Unaweza kushuka kwa gia ya chini, breki ya injini ikivuma, mguu ukigusa breki kwa vipindi, mwendo wa kuudhi kila aliye nyuma. Au unaweza kutoa gia, ukaliacha gari liende kwa uzito wake, ukijiambia kwamba unaokoa dizeli. Sikilizeni vizuri: kwa injini za siku hizi, kwenye mteremko mkali, hesabu hiyo ni ya uongo. Gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, injini inazungushwa na magurudumu na haichomi kitu. Aliyetoa gia ndiye anayechoma, kwa sababu injini yake inapaswa kuzunguka kwa nguvu zake yenyewe. Na kwa kubaki na breki ya mguu peke yake, dramu zinapata moto, unaanza kusikia harufu ya kuungua, kila ukikanyaga upepo unapungua kwenye tenki na gari linashika kidogo kuliko mwanzo. Unataka kurudisha gia. Haiingii tena, mwendo umeshaipita. Kuanzia hapo wewe ni abiria kama utingo wako. Miteremko ya Inyala na Iwambi kule Mbeya imezoa watu kwa breki zilizoshindwa, na Wakenya wana Salgaa yao, kwenye barabara ya kutoka Nakuru, ambako mchezo huu wa kushuka bila gia umeua wengi.

Wamiliki naona mnatikisa vichwa. Najua mnachotaka kusema: hao madereva wenyewe wananyonya mafuta wakauza kwenye madumu porini. Ni kweli, wapo, na wanatuharibia jina. Lakini kampuni inayopima kila gari peke yake, ikajua hili linakula kiasi gani likiwa na mzigo na kiasi gani likiwa tupu, inamkamata mwizi mapema na haina sababu ya kumtisha mwaminifu. Kampuni inayogawa lita kwa kukisia inawatesa wote wawili, na mwizi ndiye anayejua kujiokoa. Kwa hiyo kijana, uliza lita zimepimwa kwa gari lipi. Wakikujibu "magari yetu yote ni sawa", ondoka ukiwa mzima.

Kuhusu makato, sheria iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara ila kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini, iwe kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, awe amepewa nafasi ya kujieleza, deni lisizidi gharama halisi ya kilichoharibika, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Tairi lililopasuka kwa uzee halilipwi na dereva. Kontena lililofungwa kwa lakiri bandarini, likazidi uzito wa ekseli kwa sababu aliyepakia alirundika mzigo upande mmoja, si kosa la aliyepewa tu karatasi na kuambiwa aende. Hata hivyo nimeona fomu za kazi zilizoandikwa kwa mstari mmoja mnene kwamba "dereva atawajibika kwa hasara yoyote", na kijana anatia sahihi akiwa amesimama, kalamu ya kuazima.

Kibaya zaidi, hatii sahihi peke yake. Anaambiwa alete wadhamini wawili, barua za serikali ya mtaa na picha zao. Mjomba anaitwa kutoka Tandika, shangazi anafunga genge lake asubuhi hiyo, wanasaini kwa kuwa kijana wao amepata kazi. Hakuna aliyewasomea wanadhamini kitu gani: tabia ya kijana, au mzigo wa shaba wenye thamani ya nyumba zao zote. Hilo ni jambo la kuuliza mbele ya wadhamini wenyewe, kwa sauti, kabla kalamu haijatoka. Na kampuni inayotaka kubaki na leseni yako halisi au pasipoti yako kama rehani, hata unapokuwa huna safari, usiipe. Nakala inatosha.

Mkataba wa maandishi ni haki, na si jambo la juzi. Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, abiria wakakwama stendi ya Ubungo, na moja ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Sheria ile ya ajira ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya kumi wakati huo. Inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, na kama huyaelewi, akufafanulie kwa namna unayoelewa. Tena ina jambo zuri ambalo wengi hawalijui: mkifika kwenye shauri na mwajiri akashindwa kuleta mkataba, mzigo wa kuthibitisha makubaliano unamwangukia yeye. Anayesema "kwetu tunaaminiana, hatuandikiani" anaaminiana kwa hasara yake pia. Ukiachishwa kazi isivyo halali, siku za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni 30. Wengi hufika wamechelewa, kwa sababu walikuwa wanasubiri kuitwa tena yadi.

Mambo ya NSSF na WCF nitayapita haraka. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yako haitakiwi kuzidi nusu yake. Wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, analipa mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa, umeibiwa. Msiulize ofisini kama wanachangia, watasema ndiyo. Mwombeni dereva aliyekaa hapo mwaka mmoja awaonyeshe michango yake kwenye simu.

Nendeni yadi kabla ya usaili. Nendeni asubuhi mapema, magari yanapowashwa. Kaeni karibu na mama ntilie aliye nje ya geti. Yeye anajua nani hajalipwa, kwa sababu daftari la madeni analo. Ukiruhusiwa kuingia, usivutwe na rangi. Scania iliyopigwa rangi jana na Howo yenye vumbi zote zinaangaliwa chini. Mwombe dereva mmoja ajaze upepo mpaka geji itulie, azime injini, akanyage breki na kushikilia. Tazameni mshale. Ukikaa palepale alipouacha, hapo kuna fundi. Ukianza kuteremka kama saa inayorudi nyuma, na mkasikia msii, msii, chini ya tela, mmeshajibiwa kuhusu gereji, na mmejibiwa kuhusu meneja vilevile, maana kila asubuhi sauti hiyo anaisikia. Angalieni kama spea ipo, kama jeki ipo, kama kuna kabari ya mbao ya kuzuia tairi au ni matofali ya kuokota. Muulizeni dereva gari likifa Mikumi usiku nani anapokea simu, na fundi anafika baada ya muda gani. Jibu la "unajitegemea tu, kaka" nimelisikia kwenye kampuni yenye malori ya kujaza uwanja wa mpira.

Hilo linanileta kwenye swali ambalo vijana hunipigia simu kuniuliza: niende kampuni kubwa au kwa mzee mwenye gari moja? Kampuni kubwa ina kitengo cha usalama, kifaa cha kufuatilia gari, kipimo cha ulevi getini na mafunzo. Pia ina madereva wengine wengi wanaosubiri nafasi yako, na kwa kampuni wewe ni namba ya gari. Mwenye gari moja atakujua kwa jina, watoto wako atawaulizia hali, mkikwama atakuja mwenyewe na fundi kwenye Noah. Lakini gari hilo moja likianguka, yeye na wewe mmeisha pamoja. Hana pesa ya kukulipa ukiwa hospitali, na mara nyingi hana bima ya maana. Wengi wenu mmeanzia kwenye magari ya IT, yale yanayopita nchini kwenda nchi jirani, mkiyapeleka hadi Tunduma kwa malipo ya safari moja moja, au kuwa deiwaka wa huyu na yule, kwa hiyo maisha ya kutokuwa na mwajiri mmeyazoea kiasi cha kuyaona ni uhuru.

Msimamo wangu ni kwamba kazi ya kwanza itafutwe kwenye kampuni ya kati, yenye gereji yake yenyewe, na iliyo tayari kukupandisha na dereva mkongwe kwa safari za mwanzo kabla hujakabidhiwa gari. Kigezo cha mkongwe nakiweka juu ya posho. Ukiwa Tanzania na Zambia unaendesha kushoto. Ukivuka Kasumbalesa unahamia kulia. Ukienda Rwanda kwa Rusumo, au Burundi kwa Kabanga, ni hivyohivyo. Kwenye karatasi jambo hilo ni mstari mmoja. Ukiwa na semi ya magurudumu zaidi ya ishirini, usiku, umechoka kwa foleni, kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara nchi ya watu, mkono wako wenyewe unakwenda upande uliouzoea. Mkongwe aliye kiti cha pili anaona kabla yako. Anajua pia ni kwenye maegesho yapi mzigo huibwa usiku, na kwamba ajali ikitokea mahali fulani unaripoti kituo cha polisi kilicho mbele badala ya kusubiri umati. Lubumbashi Kiswahili kitakusaidia kuomba maji na kuelekezwa njia. Karatasi za polisi zitaandikwa Kifaransa. Uliza mapema kampuni ina wakala au mwanasheria gani huko, na ukishikwa nani anakuja, kwa sababu siku hiyo hutakuwa na salio la kuuliza.

Kuhusu kupumzika: sheria inataka saa 12 kati ya kumaliza kazi ya siku na kuanza nyingine, na mkikubaliana kwa maandishi zinaweza kupunguzwa, lakini si chini ya nane. Kampuni itakayokupigia saa saba usiku kukuuliza kwa nini kifaa kinaonyesha umesimama, kifaa hicho haikukinunua kwa usalama wako.

Na yule anayekuomba chochote ili akuunganishe na gari, awe dalali wa nje au karani wa ndani, msimpe. Anayeuza nafasi ataiuza tena mwezi ujao.

Nimalizie na nyinyi wamiliki, kwa kuwa mmekaa kimya na mmenivumilia. Vijana hawa wataanza kuja kwenye yadi zenu Jumatatu. Hawatawauliza nusu ya haya niliyowaambia, watawaogopa. Wapeni nakala ya mkataba waende nayo nyumbani usiku mmoja, waisome na wadhamini wao, kabla ya kuwapa funguo. Waandikieni kiwango cha kila siku gari likisimama, hata kiwe kidogo. Na lile gari ambalo wenyeji wamelikataa, lipelekeni kwanza kwa fundi.